Ndama wa Mzee Feliks

Wanaume wa Jamaa ya Wawindaji ya kijiji cha Podlaz walipenda pembe. Mwezi wa tisa, madume wa kulungu wanapoanza kunguruma msituni, kila mmoja wao alikuwa mzima wa afya, anaamka gizani na kupanda mlima kama kijana. Ukiingia mwezi wa kumi na moja, madume walioruhusiwa wameshapigwa, pembe zimeshachemshwa na kutundikwa ukutani, basi hapo maradhi yanaanza. Huyu mgongo, yule goti, mwingine amefikiwa na wageni kutoka mji mkuu, Ljubljana. Na kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu mpango unaoletwa na serikali kila mwaka unataka majike na ndama wapigwe wengi kuliko madume. Ukipiga dume, kundi halipungui. Majike watazaa vilevile mwaka ujao. Kila mtu pale kijijini aliijua hesabu hiyo. Kuifanya kwa mikono yako ni jambo jingine.

Kazi hiyo ilikuwa imemwangukia Slavka Ožbolt, mpishi wa shule ya msingi. Mumewe, Stane, alikuwa mwindaji. Alipofariki kwa ugonjwa wa moyo, Slavka hakuiuza bunduki. Alisoma, akafanya mtihani, akaingia katika Jamaa kwa haki yake mwenyewe. Msimu wake wa kwanza, Drago Mlakar, kiongozi wao na rafiki wa marehemu, alimwambia kwa aibu kidogo, "Shemeji, majike hawana mtu. Utanisaidia?" Akakubali. Miaka ikapita, na hakuna aliyeuliza tena. Slavka hakufurahia kuua, ila alipenda kazi iliyoanzwa imalizwe, na alipenda ukimya wa asubuhi juu ya dungu, kibanda cha juu cha kuvizia wanyama, ambako hakuna sufuria wala watoto mia wanaogonga vijiko mezani.

Vuli hiyo ninayoisimulia, mzee Feliks Lavrič aliingia katika nyumba ya wawindaji Jumapili moja, wakati watu wamekaa na mchuzi wao wa kulungu na ugali wa mahindi ya manjano, akabwaga mezani fungu la matawi yaliyovunjika. Majani yalidondokea kwenye sahani.

"Mnaona?" alisema. "Hii ni miti ya baba yangu. Wamekula matufaha, wamekula majani, sasa wanamenya magome. Na nyinyi mmekaa hapa mnatafuna."

"Keti kwanza mzee, upate kitu cha moto," Drago akasema.

"Sikuja kuketi. Wapigeni. Wapigeni wote mpaka wa mwisho. Kama mmeshindwa semeni, tutafute wanaoweza."

Ciril Žagar, ambaye sebule yake ilikuwa imejaa pembe hadi taa hazikupata pa kukaa, alicheka. "Mwambie Slavka huyo. Ndiye bucha wetu. Sisi tunaondoka na pembe, yeye anatuondolea akina mama."

Wengine walicheka pia, macho yakiwa kwenye glasi. Feliks alimgeukia Slavka. Alikuwa mzee mrefu, mkewe alishakufa, mwanawe alihamia Austria na kupiga simu sikukuu kwa sikukuu. "Basi nakutegemea wewe," alisema, akaondoka bila kuyachukua matawi yake.

Slavka alimgeukia Ciril. "Mgongo wako umepona? Maana juzi nilikutafuta tuende wote nikaambiwa huwezi hata kuinama."

"Unauma kwa zamu," Ciril akajibu, na kicheko kikaendelea.

Katika kupiga majike kuna sharti moja ambalo kila mwindaji wa huku hufundishwa kabla ya kushika bunduki: ndama hupigwa kwanza, mama baadaye. Kwa mtu wa nje linasikika kama ukatili. Lakini ndama wa kulungu asiye na mama, msimu wa baridi ukimkuta, hufukuzwa na majike wengine. Anabaki pembezoni mwa kundi, anakula mabaki, na theluji ikizidi anakonda hadi anaanguka. Kwa hiyo unangoja. Ukiona jike peke yake, unangoja zaidi.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu. Slavka alikuwa kwenye dungu juu ya bonde la Feliks, na jike mkubwa alitoka kwenye misonobari akasimama akila nyasi. Alikuwa peke yake. Slavka alingoja. Ukungu ulifunga, ukafunguka, jike bado alikuwa peke yake. Alimtazama kwa darubini nyuma, pembeni, kwenye ukingo wa vichaka. Hakuna kitu. Akajiambia huyu ni tasa, wapo wengi wa namna hiyo, na ndio hasa wanaotakiwa. Akapiga.

Jike alianguka palepale. Slavka alishuka taratibu, akapiga goti, na kabla ya jambo lolote akapitisha mkono chini ya tumbo, kama mumewe alivyomfundisha. Kiwele kilikuwa kimejaa. Alipobonyeza titi, maziwa yalitoka, ya moto, yakamtiririkia kidoleni.

Alikaa kwenye nyasi zilizolowa. Baadaye alirudi juu ya dungu, kwa sababu ndama hurudi pale alipomwona mama yake mara ya mwisho, na lililobaki la haki lilikuwa kumngojea. Ndama alirudi kweli. Alitokea kwenye vichaka vya miiba, mdogo, masikio makubwa, akapiga hatua chache, akanusa hewa, akalia kile kilio chao kifupi cha puani. Slavka aliinua bunduki. Akaishusha, akaiinua tena. Alipokuwa tayari, ukungu ulikuwa umeshamfunika ndama, na ulipoondoka hapakuwa na kitu.

Jioni alikwenda kwa Drago, akamweleza yote jikoni. Drago aliichovya mikate yake kwenye chai, akasikiliza hadi mwisho.

"Shemeji, hilo linampata kila mtu."

"Halijawahi kunipata mimi."

"Basi sasa limekupata. Ukimwona mpige. Usipomwona, baridi itamalizana naye."

"Baridi inachukua muda mrefu, Drago."

Drago alipangusa makombo mezani. Akamsogezea sukari.

Kijiji ni kidogo. Baada ya siku chache alipoingia kwa Hilda, mwenye mgahawa, kununua sigara za jirani yake, alimsikia Ciril nyuma yake akiwaambia wenzake, si kwa sauti ya kunong'ona, "Mjane anatengeneza yatima." Safari hii hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Hilda alimpa chenji bila kumtazama. Slavka alitoka akasimama kwenye maegesho, akatafuta funguo za gari mfukoni huku amezishika mkononi.

Alianza kumtafuta ndama kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni. Alikwenda bondeni, akaenda kwenye mto, akapita nyuma ya kiwanda cha mbao. Aliwaona majike wengine na ndama wao, akawaacha wapite. Jikoni shuleni aliunguza supu, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na msaidizi wake akamuuliza kama anaumwa. Alisema ana mafua.

Kisha theluji ya kwanza ikaanguka, nyembamba, na nyayo zikawa wazi. Alama za kwato ndogo, za mnyama mmoja tu, zilishuka kutoka kwenye vichaka, zikavuka barabara, zikaingia moja kwa moja katika bustani ya matufaha ya Feliks.

Alimkuta mzee amesimama chini ya mti na ndoo mkononi. Hatua chache mbele yake ndama alikuwa anakula matufaha yaliyopondwa, na kila alipotafuna masikio yake yalicheza. Aliposikia mlango wa gari alikimbilia nyuma ya ghala, lakini hakwenda mbali. Pua yake ilionekana kwenye kona.

Feliks aliiona bunduki begani mwa Slavka. Akaiweka ndoo chini na kusimama kati ya bunduki na ghala.

"Habari za asubuhi, mzee Feliks."

"Nzuri. Unataka nini?"

"Unajua ninachotaka."

"Huyu hali miti yangu. Anakula yaliyooza. Ningeyatupa."

"Wewe mwenyewe ulituambia tuwapige wote. Mpaka wa mwisho."

"Nilisema." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Ni wewe uliyempiga mama yake?"

"Ni mimi."

"Nilisikia mlio. Nikasema moyoni, afadhali. Kesho yake nikaamka, huyu hapa, amelala pale kwenye majani kama mtu amemtupa." Aligeuka kulitazama ghala. "Sijampa jina. Usidhani nimerukwa na akili."

Slavka alimweleza yote. Kwamba sheria hairuhusu kumfuga. Kwamba akizoea watu atakwenda barabarani kuomba chakula kwenye magari, au mbwa watamrarua. Kwamba akikua akiwa hamwogopi mtu atakuja kumwumiza mtu. Feliks alisikiliza huku akiitikia kwa kichwa, lakini miguu yake haikusogea.

"Mama," alisema mwishowe, ingawa kwa umri yeye angeweza kuwa baba yake, "hapa kuanzia saa ya kuamka hadi ya kulala siongei na mtu. Niachie huyu hadi theluji iyeyuke. Akitoka hapo, mfanyeni mtakavyo."

Ilikuwa rahisi kupiga hatua pembeni, kumzunguka mzee, na kuimaliza kazi. Slavka alijua hivyo wakati ule na alijua hivyo baadaye. Lakini alifurahi kwamba mzee amesimama pale, akaona aibu kwa jinsi alivyofurahi.

"Nyasi kavu tu," alisema. "Na matawi. Matufaha machache. Mkate usimpe. Mahindi usimpe kabisa, hata akikuangalia vipi. Tumbo lake halijui mahindi wakati wa baridi."

"Nyasi kavu. Nimekuelewa."

Siku hiyo Drago alimuuliza kama amemwona ndama. "Bado," Slavka akasema. Kabla ya hapo hakuwahi kumdanganya mtu huyo hata kwa jambo dogo.

Kwa majuma kadhaa mambo yalikwenda. Slavka alipita kwa Feliks akitoka kazini, na nyasi kavu nyuma ya gari. Wakati mwingine alikunywa chai, Feliks akimsimulia jinsi ndama alivyomfuata hadi kwenye ngazi, na jinsi alivyoogopa ndoo ya bluu lakini si ile nyekundu. Mzee alikuwa ameanza kunyoa ndevu kila siku. Slavka aliona pia mambo mengine, akayaacha. Aliona nyayo kubwa kwenye theluji ya bustani, nyingi, za kundi zima. Aliona punje za manjano karibu na mlango wa ghala.

"Ni za kuku," Feliks alisema alipoona anazitazama.

"Huna kuku."

"Nina mpango wa kununua."

Angeweza kusimama pale na kugombana. Alikuwa amechoka, njiani kulikuwa na barafu, akaondoka.

Baridi kali ilishuka katikati ya Januari. Asubuhi moja ya Jumamosi simu ililia naye bado ana kikombe mkononi. Ilikuwa sauti ya Feliks, na kwanza hakuelewa anachosema.

"Amelala. Hasimami. Njoo na kile kitu chako."

Alimkuta ndama ndani ya ghala, juu ya magunia. Tumbo lilikuwa limevimba na kukaza kama ngoma, shingo imepinda nyuma, macho wazi. Pembeni yake blanketi la sufu, la kitanda cha watu. Feliks alikuwa amepiga magoti, kofia mkononi.

"Usiku alikuwa anatetemeka. Mbavu zilionekana zote. Nikasema, nyasi gani zitampa joto. Nikampa kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Feliks aligeuza kofia mkononi. Slavka alitoka nje kumpigia daktari wa mifugo wa mji wa jirani, mtu aliyemfahamu vizuri. Daktari aliuliza maswali matatu manne, kisha akasema hata akija sasa hivi hana la kufanya, na kwamba kuendelea kungoja ni kumtesa mnyama tu.

Alirudi ndani akamwambia Feliks. Mzee alisimama kwa shida, akishika nguzo.

"Nilidhani mahindi ni mahindi," alisema. "Sisi tumekula mahindi maisha yetu yote."

"Ingia ndani ya nyumba, mzee Feliks."

Alikwenda. Slavka alisikia mlango, kisha redio ikafunguliwa kwa sauti ya juu kabisa, muziki wa kodiani wa asubuhi ya Jumamosi, hadi vioo vya madirisha vikavuma. Alimtoa ndama nje kwa kumburuta juu ya gunia, akamlaza kwenye theluji, akainua bunduki, na safari hii hakuishusha hadi alipopiga.

Redio iliendelea kwa muda. Ilipozimwa, Feliks alitoka na sepetu mbili. Slavka alikuwa amenyoosha mkono kwenye msonobari wa uani, kwa sababu wawindaji humwekea mnyama aliyepigwa kijitawi mdomoni, kama tonge la mwisho, kumheshimu.

"Acha," Feliks akasema. "Hayo ni yenu. Huyu hakuwindwa."

Ardhi ilikuwa imeganda. Walichimba wote wawili na hawakufika mbali, wakamalizia kumfunika kwa mawe. Walipomaliza, mzee aliingia ndani akafunga mlango, na Slavka akaendesha gari hadi kwa Drago akiwa na udongo kwenye viatu.

Alimwambia kila kitu, pamoja na lile neno "bado". Drago alimsikiliza amesimama.

"Kumbe ndiyo maana," alisema. "Nilikuwa sielewi. Kundi lote limeshuka. Limemenya miti ya Feliks, limeingia kwa jirani yake, limeingia hadi nyuma ya kanisa. Yamewanukia mahindi. Watu wananipigia simu kila siku, na mimi nawaambia ni hali ya hewa."

"Ningekuambia."

"Ulikuja hapa kila wiki, shemeji. Ulikaa kwenye kiti hicho." Hakupaza sauti, angepaza ingekuwa nafuu. "Ndama namwelewa. Mimi pia ningeshindwa, labda. Lakini kila mtu humu ndani ananidanganya kuhusu mgongo wake na goti lake. Nilikuwa nimebaki na mtu mmoja."

Aliziomba funguo za madungu. Slavka akazitoa kwenye pete yake ya funguo mojamoja.

Mwezi wa tatu ulifanyika mkutano mkuu. Mpango mpya ulikuwa umefika, na majike walikuwa wameongezwa kwa sababu ya malalamiko. Drago aliusoma, akauliza nani atawachukua. Ciril alitazama dari. Wengine walitafuta miwani. Mtu mmoja akaanza kukohoa bila sababu.

Slavka alisimama. Alisimulia habari za ndama mbele ya wote, tangu ukungu hadi mawe, bila kujitetea na bila kumlaumu Feliks. Halafu akasema, "Sitawachukua peke yangu tena. Na sisemi hivi kwa sababu naogopa. Nilipokuwa peke yangu nilikosea, na nilipokosea sikuwa na mtu wa kumwambia ambaye asingecheka. Mnaotaka dume, kila mmoja alete kwanza jike na ndama wake. Asiyeleta, asipande mlima mwezi wa tisa."

"Yaani tuwe kama wewe," Ciril akasema.

"Ndiyo, Ciril. Kama mimi."

Walibishana hadi mchana. Ciril alisema baba yake alianzisha Jamaa hii na hakuwahi kuambiwa apige nini. Mwingine alisema mkewe hatakubali. Kura zilipopigwa, pendekezo lilipita kwa tofauti ya kura chache mno, na Ciril alitoka bila koti lake, akalazimika kurudi kulichukua huku wote wakimtazama. Watu wawili walijitoa katika Jamaa kabla ya Pasaka. Drago alimrudishia Slavka funguo, si kwa maneno. Alizikuta kwenye kisanduku cha barua.

Kwa Feliks, Slavka hakuwa amekanyaga tangu siku ya kumzika ndama. Alikwenda mwezi wa kumi na moja, kwa sababu kundi lilikuwa limerudi bustanini, majike watatu na ndama wao, wakitafuta walichokizoea, na bustani haikuwa na miti ya kupoteza tena. Mzee alikuwa amekonda. Alifungua mlango nusu.

"Nataka kukaa kwenye bustani yako," Slavka alisema. "Kesho. Nikija bila kukuambia ingekuwa vibaya."

Feliks alitazama miti ya matufaha juu ya bega la Slavka. "Watakuwa na wadogo?"

"Wana wadogo."

"Utawapiga wote wawili?"

"Nikiweza. Yule mdogo kwanza."

Feliks alitazama saa ya ukutani. "Kuna basi la asubuhi kwenda Ribnica. Nitakwenda kwa dada yangu. Nikirudi nisikute kitu kwenye nyasi."

Kesho yake Slavka alikaa ndani ya ghala, mlango umeachwa wazi kidogo. Walikuja mapema. Alingoja hadi alipomwona kila mmoja na wa kwake, hadi hapakuwa na shaka hata chembe, akapiga mara mbili, mdogo kwanza, kisha mama. Wengine walikimbia na hawakurudi siku hiyo. Drago alikuja na gari, wakawapakia bila mazungumzo mengi, naye Slavka alibaki akimwaga maji ndoo baada ya ndoo mpaka damu ikatoka, nyasi zikawa nyasi.

Feliks alishuka kwenye basi la jioni na mfuko wa keki kutoka kwa dada yake. Alizunguka bustani polepole, akagusa shina moja, akagusa la pili.

"Umemaliza?"

"Kwa leo."

Aliitikia kwa kichwa akaenda zake mlangoni. Slavka alisimama kwenye geti, mikono ikimuuma kwa maji ya baridi, akingoja aambiwe aingie apate chai. Taa ya jikoni iliwaka. Alimwona mzee akilifungua jiko la kuni, akiinama, akipuliza moto. Hakuitwa. Baada ya muda alipanda gari lake akaenda nyumbani.